Pumzi Imerudi, Akili Bado Iko Njiani

Je, jiwe huelea juu ya maji? Baharini kuna samaki? Kilo moja ni nzito kuliko kilo mbili? Nyundo inaweza kupigilia msumari?

Mtoto wa darasa la pili angeyajibu maswali haya huku akiendelea na mchezo wake. Lakini katika vyumba vya wagonjwa mahututi, ICU kama wengi wanavyoviita, huulizwa watu wazima waliokuwa na akili zao timamu wiki iliyopita: mhasibu, fundi umeme, mwalimu mkuu mstaafu. Wengi wao hukosea. Hawajibu kwa mdomo, kwa sababu mpira wa mashine ya kupumulia umepitishwa kinywani hadi kwenye njia ya hewa, katikati ya nyuzi za sauti. Hujibu kwa kichwa: kukubali au kukataa.

Kabla ya maswali hayo, nesi huwa amekwisha kuushika mkono wa mgonjwa. "Baba," humwambia, "nitataja herufi kumi, taratibu. Kila ukisikia A, nibane mkono." Herufi zenyewe ni S, A, V, E, A, H, A, A, R, T. Humo A ziko nne. Mgonjwa aliye sawa hubana mara nne na kutulia mara sita. Mwingine huanza kubana kwenye S, A ya kwanza inampita, ya pili inampita, kisha anakumbuka kwamba aliombwa kitu na kubana mfululizo hadi mwisho. Akikosea zaidi ya mara mbili, nesi anajua kwamba macho yamefumbuka lakini umakini haupo.

Kipimo hiki hakihitaji mashine, damu wala picha. Huchukua dakika moja au mbili. Kilichapishwa mwaka 2001 na kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, Marekani, likiongozwa na daktari Wesley Ely, na leo kinajulikana kwa jina la CAM-ICU. Kinachotafutwa ni kile ambacho madaktari hukiita deliriamu, na ambacho majumbani hujulikana kwa kuweweseka: akili kuvurugika ghafla, ndani ya saa au siku chache, ikija na kuondoka. Asubuhi mgonjwa anamtambua mkewe na kumtabasamia. Jioni anamtazama kama mtu mgeni aliyeingia bila hodi.

Ely hakuanza na ubongo. Yeye ni daktari wa mapafu. Mwaka 1996 alikuwa miongoni mwa walioonyesha, kwa wagonjwa 300, kwamba mgonjwa akijaribiwa kila siku kupumua mwenyewe, mashine hutolewa mapema: siku 4.5 badala ya 6. Yalikuwa mafanikio makubwa. Wakati huo hesabu ya ICU ilikuwa rahisi: mgonjwa kaingia na mashine, katoka bila mashine, tumeshinda. Kilichomsumbua Ely ni wagonjwa waliorudi kliniki miezi michache baadaye. Mapafu yalikuwa mazima, lakini wenyewe hawakuweza kurudi kazini, walisahau miadi, walipotea katika njia walizozizoea. Kitu fulani kilikuwa kimewapata pale kitandani, na hakuna aliyekuwa akikipima.

Walipoanza kupima, majibu yalishtua. Katika utafiti wao wa mwaka 2004, kati ya wagonjwa 224 wa mashine ambao fahamu zao ziliruhusu kupimwa, 183 waliweweseka. Hiyo ni asilimia 82. Miezi sita baadaye, asilimia 34 ya walioweweseka walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 15 ya wale ambao akili zao zilibaki sawa.

Kisha ukaja utafiti wa mwaka 2013, wenye wagonjwa 821 waliokuwa wameshindwa kupumua au kuingia katika mshtuko wa mwili. Asilimia 74 waliweweseka wakiwa hospitalini. Miezi mitatu baada ya hapo, watu wanne kati ya kumi walikuwa na alama za kumbukumbu na fikra zinazofanana na za mtu aliyeumia kichwa kwa kiwango cha kati, na mmoja kati ya wanne hivi alifanana na mtu mwenye ugonjwa wa Alzheimer wa hatua za mwanzo. Baada ya mwaka mzima, idadi hizo zilikuwa zimepungua kidogo tu: asilimia 34 na asilimia 24. Si wazee peke yao. Vijana pia walikuwamo. Na kadiri mtu alivyoweweseka siku nyingi zaidi, ndivyo alama zake zilivyokuwa mbaya zaidi.

Familia nyingi hudhani kuweweseka ni lazima kuwe na kelele: mgonjwa anachomoa mipira, anapayuka, anataka kushuka kitandani. Wapo wa namna hiyo, nao huonekana mara moja. Lakini walio wengi zaidi ni wale wanaoweweseka kimya. Mgonjwa amelala, macho nusu wazi, hasumbui mtu. Ndugu huambiwa ametulia leo, nao humshukuru Mungu. Kumbe ndani yake mambo yanakwenda kasi. Bila kumshika mkono na kumtajia zile herufi kumi, hakuna atakayegundua, hata daktari mzoefu. Ndiyo maana kipimo kile kidogo ni muhimu kuliko kinavyoonekana.

Na wanaona nini? Waliopona na kusimulia hutaja mambo yanayofanana sana, wawe wa bara lolote. Wadudu wanaotambaa ukutani. Chumba kinachoyumba kama meli au kinachokwenda kama treni. Manesi wanaopanga njama ya kuua. Mgonjwa anayeamini ametekwa nyara, na ukitazama kwa macho yake, ushahidi upo: mikono imefungwa kwenye vyuma vya kitanda asichomoe mpira, sauti haitoki, watu waliofunika nyuso wanamjia usiku na sindano. Wapo waliochukulia kuwekewa mpira wa mkojo kuwa ni kunajisiwa, wakabeba kumbukumbu hiyo kwa miaka bila kumwambia mtu, kwa aibu ya tukio ambalo halikutokea. Ubongo mgonjwa huchukua vipande vya kweli na kuvishonea hadithi. Hofu yake ni ya kweli kabisa, na mapigo ya moyo kwenye skrini huithibitisha.

Hapa Afrika Mashariki hadithi hiyo mara nyingi hupata tafsiri nyingine inapofika nyumbani. Mzee aliyerudi kutoka ICU akisema alizungukwa na watu weusi wasio na nyuso atasikilizwa, na pengine mtu atasema kapandwa na majini, au kuna mkono wa mtu. Hakuna haja ya kumdhihaki anayesema hivyo; anatafuta maelezo ambayo hospitali haikumpa. Maelezo yenyewe yapo. Ugonjwa mkali, hasa maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, huamsha uvimbe mwili mzima, na ubongo hauachwi nyuma. Hewa ya oksijeni imepungua. Figo na ini zimechoka, hivyo dawa na taka za mwili zinakawia kutoka. Kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo zimepoteza uwiano. Juu ya hayo, mgonjwa hajalala usingizi wa kweli kwa siku nyingi: taa haizimwi, kengele za mashine zinalia, kila saa kuna mtu wa kumgeuza au kupima presha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele za usiku katika wodi zisizidi desibeli 30, lakini ICU nyingi zilizopimwa zimevuka kiwango hicho kwa mbali.

Halafu kuna dawa za kumlaza. Hapo ndipo jambo hili linapouma, kwa sababu zilitolewa kwa huruma.

Inafaa kukumbuka ICU ilivyoanza. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulivamiwa na polio. Katika hospitali ya Blegdam, kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliopooza misuli ya kupumua au ya kumeza, 27 walikufa ndani ya siku tatu. Mwishoni mwa Agosti, daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, aliagiza msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho atobolewe koo na kupitishiwa mpira, akaanza kumpulizia hewa kwa mfuko wa kubana kwa mkono. Msichana aliishi. Mashine za kutosha hazikuwapo, hivyo waliitwa wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500 kwa jumla, wakapokezana zamu, mchana na usiku, kila mmoja akiketi kando ya kitanda na kubana mfuko kwa saa kadhaa. Vifo vilishuka sana.

Tazama picha hiyo vizuri. Mgonjwa wa kwanza wa ICU alikuwa na mtu karibu yake muda wote, mtu aliyemtazama usoni ili ajue kama hewa inatosha. Wanafunzi wale waliwasomea watoto na kuzungumza nao. Wagonjwa wengi walikuwa macho.

Miaka iliyofuata mashine ziliboreshwa, zikachukua nafasi ya mikono. Lakini mashine za zamani zilisukuma hewa kwa mpangilio wao, bila kumfuata mgonjwa, na mgonjwa aliye macho alipambana nazo. Ikaonekana ni heri alale. Dawa za usingizi zikawa za kawaida, zikatiririshwa kwenye mshipa siku saba, siku kumi, hata zaidi. Kufikia miaka ya 1990, mgonjwa wa mashine aliyefumba macho na asiyejitikisa alihesabiwa kuwa ametunzwa vizuri. Hakuna aliyekusudia mabaya. Waliamini kwamba asiyekumbuka kitu hateseki.

Mwaka 2000 madaktari wa Chicago walijaribu jambo ambalo wenzao wengi waliliogopa. Kila asubuhi walisimamisha dawa za usingizi hadi mgonjwa aamke, kisha wakaanza upya kwa kipimo kidogo iwapo bado alizihitaji. Kwa wagonjwa 128, muda wa kukaa kwenye mashine ulishuka kutoka siku 7.3 hadi 4.9. Mwaka 2008 kundi la Vanderbilt liliunganisha mambo mawili, kumwamsha mgonjwa na kumjaribu kupumua mwenyewe, asubuhi ile ile. Katika wagonjwa 336, tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba kwa kila wagonjwa saba waliotunzwa hivyo, mmoja zaidi alikuwa hai mwaka mmoja baadaye. Kupatikana kwa faida hiyo kwa kufunga bomba la dawa tu, bila kununua chochote, ni jambo ambalo lingepaswa kutangazwa kwenye redio kila wiki.

Ni kweli kwamba asubuhi hiyo si nyepesi. Mgonjwa huachishwa mashine kama mtoto anavyoachishwa ziwa, kwa vipindi: nusu saa hadi saa mbili anapumua kwa nguvu zake, huku nesi akihesabu pumzi na kutazama jasho kwenye paji la uso. Na ndiyo saa ambayo kuweweseka hujitokeza waziwazi, kwa kuwa dawa zilikuwa zimeificha hali hiyo. Mgonjwa anaamka katikati ya ndoto mbaya, anakuta kitu kooni, anataka kukitoa. Ni rahisi sana hapo kufungua tena dawa ya usingizi. Mgonjwa atatulia, siku nyingine itapita kwenye mashine, na kesho atakuwa amechanganyikiwa zaidi.

Dawa zinazolaumiwa kuliko zote ni za kundi la benzodiazepini: midazolamu, lorazepamu, na diazepamu ambayo wengi huijua kwa jina la Valium. Zina kazi zake, kwa mfano kwa mtu mwenye degedege au anayeacha pombe ghafla. Lakini zikitiririshwa siku nyingi kwa mgonjwa wa mashine, huvuruga akili. Wakati wa Uviko-19 dunia nzima iliyarudia makosa ya miaka ya 1990, kwa sababu dawa mbadala zilikwisha na manesi walikuwa wachache. Utafiti wa wagonjwa 2,088 katika ICU 69 za nchi 14, wote wa miezi ya mwanzo ya mwaka 2020, uliona kwamba asilimia 55 waliweweseka. Waliopewa benzodiazepini kwa mfululizo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuweweseka siku iliyofuata, kwa asilimia 59. Waliotembelewa na ndugu, hata kwa simu ya video, uwezekano wao ulikuwa mdogo kwa asilimia 27. Na waliopata ndugu wa kuwatembelea walikuwa wachache.

Mtu atauliza: si mgonjwa apewe dawa ya kutibu huko kuweweseka? Imejaribiwa. Kwa miaka mingi haloperidoli ilitumiwa karibu kila mahali. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 566 huko Marekani lililolinganisha haloperidoli, dawa nyingine ya kundi la karibu, na maji matupu ya chumvi. Siku za kuwa hai na akili timamu zilikuwa sawa katika makundi yote matatu, nane au tisa hivi kati ya siku 14. Dawa hizo zinaweza kumtuliza anayejidhuru. Haziurudishi ubongo.

Mambo haya si ya Marekani na Ulaya tu. Mwaka 2015 daktari Arthur Kwizera na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 160 wa mashine jijini Kampala. Waliowewesekea ICU walikuwa 81, zaidi kidogo ya nusu, na kwa kawaida hali hiyo ilianza kama siku ya nne. Dawa za usingizi zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoambatana nayo. Hesabu nyingine iliyochapishwa mwaka 2020 ilikuta Uganda nzima ina ICU 12 zenye vitanda 55. Mahali penye vitanda vichache hivyo, siku tatu za ziada ambazo mgonjwa mmoja anakaa kwenye mashine kwa sababu ya usingizi usio wa lazima ni siku tatu ambazo mgonjwa mwingine anasubiri mapokezi.

Lakini Afrika Mashariki ina kitu ambacho hospitali nyingi za nchi tajiri hununua kwa shida: ndugu. Katika wodi za kawaida, mama hulishwa na binti yake, baba huogeshwa na mwanawe, shangazi hulala kwenye mkeka chini ya kitanda. Mgonjwa yule yule akihamishiwa ICU, mlango hufungwa. Ndugu hukaa kwenye benchi la ukumbini kuanzia alfajiri, huruhusiwa kuingia dakika chache jioni, huvishwa koti na kuambiwa wasiguse kitu. Wanasimama mwisho wa kitanda, wanaomba dua, wanatoka. Sababu za kufunga zinaeleweka: nafasi ndogo, maambukizi, kazi za dharura. Hata hivyo mgonjwa anayeachishwa mashine anahitaji sauti anayoijua, na katika chumba kile hakuna anayeijua isipokuwa huyo aliye kwenye benchi.

Uaminifu unadai kusema pia kwamba kufungua mlango peke yake hakutoshi. Nchini Brazil, ICU 36 zilijaribu kuongeza muda wa wageni hadi saa 12 kwa siku, na mwaka 2019 matokeo ya wagonjwa 1,685 yalionyesha kwamba kuweweseka hakukupungua kwa kiasi cha maana: asilimia 18.9 dhidi ya 20.1. Wasiwasi na huzuni za ndugu ndizo zilizopungua. Kwa hiyo ndugu asipewe kiti tu, apewe kazi. Amletee baba miwani yake na kifaa chake cha kusikilizia, maana asiyeona vizuri huona majitu kwenye kivuli cha pazia. Aongee naye kwa lugha ya nyumbani, kwani mtu aliyechanganyikiwa mara nyingi hurudi kwenye lugha ya mama yake, na nesi wa zamu huenda haijui. Asiulize maswali ya kumtega. Aseme mambo yalivyo: "Shikamoo baba. Ni mimi Rehema. Leo ni Jumatano, saa tatu asubuhi. Uko hospitali. Mapafu yaliugua, mashine inakusaidia, na leo wanajaribu kuitoa." Kisha arudie baada ya nusu saa, kwa sauti ile ile, kwa kuwa baba amekwisha kusahau. Akisema kuna nyoka juu ya dari, kubishana naye hakusaidii, wala kumkubalia. Inatosha kumwambia, "Mimi siwaoni, baba, na nipo hapa nawe."

Jambo lingine linalosaidia ni kumtoa mgonjwa kitandani. Katika utafiti wa mwaka 2009 uliofanyika Chicago na Iowa, wagonjwa 104 wa mashine waligawanywa. Kundi moja lilianza mazoezi mapema, wakikaa ukingoni mwa kitanda, wakisimama, wengine wakitembea huku mpira ungali kooni. Waliweweseka siku mbili, wenzao siku nne. Waliotoka hospitali wakiweza kujihudumia wenyewe walikuwa asilimia 59, dhidi ya 35. Kusimamisha mgonjwa wa mashine kunahitaji watu watatu au wanne wenye moyo na mtaalamu wa fiziotherapia aliyefunzwa, na ICU nyingi za ukanda huu hazina huyo wa mwisho. Ni nafasi ya kazi ambayo wizara za afya zingefaa kuijaza kabla ya kuagiza mashine nyingine mpya.

Baada ya kuruhusiwa, kazi inahamia nyumbani. Ndugu watarajie usingizi uliovurugika, hasira za ghafla, kusahau majina, kushindwa hesabu za duka ambazo mtu alizifanya kichwani kwa miaka ishirini. Si uvivu, na kuna mengi yanayorudi kwa miezi. Katika nchi za Skandinavia manesi walianzisha desturi ya kuweka daftari kando ya kitanda cha ICU. Kila siku nesi au ndugu huandika sentensi chache: leo mpira umetolewa, leo ulimwita dada yako, leo mikono ilifungwa kwa sababu ulitaka kuchomoa mpira. Mgonjwa akipona hulisoma pamoja na mtu wa hospitali, na hatimaye anajua ile meli iliyokuwa ikiyumba ilikuwa kitanda kinachogeuzwa. Jaribio la mwaka 2010 katika nchi sita za Ulaya, lenye wagonjwa 352, lilikuta kwamba asilimia 5 ya waliopewa daftari walipata jeraha la kisaikolojia, dhidi ya asilimia 13 ya wasiopewa.

Na kwa yule ambaye sasa hivi yuko kwenye benchi nje ya ICU, yapo maswali anayoweza kumuuliza daktari wa zamu kwa adabu na bila woga. Dawa gani ya usingizi inatumika, na ni ya kundi la benzodiazepini? Imesimamishwa leo asubuhi kumjaribu? Amepimwa kama anaweweseka? Maumivu yake yanatibiwa, au analazwa tu? Naweza kuleta miwani, na kuwa naye ile saa mtakapomjaribu kupumua mwenyewe?